Fedha Mdomoni mwa Yowasi

Mzee Yeseri alinyoosha kidole mbele ya ushirika mzima wa waliookoka wa Bwera. Kikaishia karibu kabisa na mdomo wa Yowasi.

"Ndugu Yowasi, ukiimba tunaona fedha. Ukicheka tunaona fedha. Bibi zetu walipookoka walivua bangili na shanga. Wewe unavaa pambo ndani ya mdomo!"

"Mzee, hii si pambo. Ni ya daktari. Jino ilioza."

"Kila mwenye bangili alikuwa na sababu yake. Mutu wa kujipamba hataoa binti yangu."

Askari wa kambi ya jirani na wake zao, waliokaa nyuma, walicheka chinichini. Yowasi hakucheka. Alikuwa amemposa Biira, binti wa mzee huyo, tangu mavuno ya pamba, na mpaka siku hiyo mzee hakuwa amejibu.

Kwa kweli ile fedha ilikuwa imechakaa. Ilijazwa kwenye jino la chonge zamani, alipokuwa kibarua mgodini Kilembe. Sasa ilikuwa na ufa, na chai ya moto ilimrusha kitini. Ibada ilipokwisha alimfuata Biira nje.

"Kesho nakwenda Kasese kuiondoa."

Biira alimtazama mdomoni, kisha akatazama chini. "Yote? Hawawezi kuweka ingine kama hiyo?"

"Baba yako si umemsikia?"

"Baba husema mengi, kesho anasahau."

Yowasi alidhani msichana anaogopa maumivu yake. "Usijali," akamwambia. "Nitavumilia."

Daktari wa meno wa Kasese alikuwa mama wa Kiacholi aitwaye Acan. Aligongagonga jino kwa kichuma chembamba, akatikisa kichwa.

"Fedha yako imepasuka, na uozo iko chini yake. Lazima nitoe. Sasa chagua: niweke fedha mpya, ama hii nyeupe? Imefika juzi kutoka Nairobi. Ikikauka, hakuna mtu atajua."

"Gani inadumu?"

"Fedha. Hii nyeupe bado tunaijaribu."

"Weka nyeupe."

"Kijana, kama ni uzuri unatafuta..."

"Hapana, daktari. Natafuta mke."

Acan alicheka mpaka akaweka chombo chini. Kisha akawasha mashine. Alitoa fedha yote pamoja na uozo, akachanganya dawa mbili nzito kama uji, akalijaza tundu upesi kabla dawa haijaganda, akaisugua. Yowasi alipopewa kioo, alilitafuta jino lililozibwa asilione.

Jumapili Mzee Yeseri alimvuta hadi dirishani penye mwanga.

"Fungua."

Yowasi akafungua. Mzee alichungulia juu, akachungulia chini, akamgeuza kichwa kama mtu anayenunua mbuzi.

"Afande, upande wa kushoto umekagua?" koplo Drani akauliza kutoka nyuma. Watu wakaangua kicheko.

"Nimekagua!" mzee akasema. "Haleluya! Iko safi!"

Akaushika mkono wa Yowasi na kuuinua juu ili wote waone. "Kiburi imetoka. Mimi sina neno tena. Biira ni wako."

Wanawake walipiga vigelegele. Yowasi alitabasamu kwa upana wote, bila woga, kwa mara ya kwanza tangu kukataliwa kwake kulipotangazwa mbele ya watu.

Ilibaki desturi moja tu ya ushirika ule. Kabla ya uchumba kubarikiwa, binti husimama mbele ya wote na kutubu jambo lolote aliloficha.

Biira alisimama. Aliutazama mdomo wa Yowasi kwa muda mrefu, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Ndugu zangu, natubu," akasema. "Kitu nilichompendea huyu mutu ni lile jino."