Maji ya Kumwoshea Bi Tahira

Siku ile mjinga alikuwa Tindwa mwenyewe, wala hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Mama mkwe wake, Bi Tahira, alikuwa amefariki alfajiri, na sasa alilala chumbani, pete ya maziko ya Kibahai kidoleni, akingoja kuoshwa. Bomba la nyumbani, kama mabomba yote ya mji, lilimpa maji yule tu aliyetaja dini inayotambuliwa. Ubahai haukutambuliwa. Dini ya Tindwa ilitambuliwa, kwa hiyo siku zote yeye, mkewe na mama mkwe walikunywa mgao wake mmoja, na asubuhi hiyo ulikuwa umekwisha.

"Taja dini ya mtumiaji," bomba likasema kwa sauti laini.

Mkewe, Ruhiya, alishika ndoo.

"Mke wangu, hiki si chuma tu?" Tindwa akajaribu mzaha wake. "Kidanganye! Kitajie dini yoyote kwa niaba ya mama, tumwoshe. Hata yeye angecheka."

"Angecheka?"

"Ameshakufa, Ruhiya, hasikii. Neno moja litamdhuru nini?"

Ruhiya akaiweka ndoo chini.

"Ili aliseme neno hilohilo walimfukuza kazi, wakambomolea nyumba, wakamlaza jela, na hakulisema. Leo nimsemee mimi, kwa kuwa hawezi kunikataza?"