Panapouma

Kombo alisimama kando ya ukuta wa kliniki akiitazama mikono ya mtaalamu wa viungo ikilipapasa goti la mkewe, Mwanakheri. Mtaalamu alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio uliomchoma Kombo zaidi.

"Goti huwa linakwama, dada?"

"Linakwama. Nikichuchumaa kuosha vyombo, siinuki mpaka nishike ukuta. Usiku nalia."

Kombo alishtuka. Analia? Nao wanalala kitanda kimoja!

"Gegedu la ndani, ule mto laini ulio kati ya mifupa, limechanika," kijana alieleza. "Huenda lisihitaji upasuaji. Tuanze kwa kuimarisha misuli ya paja." Alikunja taulo, akaliweka chini ya goti. "Likandamize taulo kwa goti, taratibu."

Mwanakheri alikandamiza, goti likatetemeka, akacheka. Kombo hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia akicheka vile.

"Basi!" alifoka. "Sitaki umshikeshike mke wangu."

"Haya, mshike wewe, kaka." Kijana alimpisha bila kukasirika. "Mazoezi haya ni ya kila siku, na nyumbani kwenu mimi sitakuwepo."

Kombo alipiga magoti kando ya kitanda. Mikono yake ilibaki hewani juu ya goti lililovimba. Hakujua aiweke wapi.

"Panauma wapi?" aliuliza.

Mwanakheri alimtazama kitambo, kama anayempima mtu mgeni. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akaanza kuuvuta polepole kuelekea upande wa ndani wa goti.