Shakwe Avumbua Kisiwa

Mwenye masikio asikilize, asiye nayo atasimuliwa. Shakwe, ndege mwenye majivuno, alizunguka bahari zote akitafuta nchi ya kuipa jina lake. Akatua kwenye kisiwa cha kaa, akachomeka unyoya mchangani na kutangaza: "Nimekivumbua kisiwa hiki. Kuanzia leo kinaitwa Shakweni."

Kaa walikuwa wakila. Wote wakaacha kutafuna.

"Karibu, baba," alisema Bi Gando, mkubwa wao. "Na sisi je, tuliozaliwa hapa?"

"Nyinyi mmevumbuliwa. Sheria ya wavumbuzi ni moja: aliyeona kwanza ndiye mwenyewe. Haya, niondokeeni ufukweni kwangu."

Kaa wengine wakaanza kukusanya watoto. Bi Gando hakusogea, hata kwa upande.

"Baba, macho yangu yamesimama juu ya vijiti. Nilikuona ungali mbali, mdogo kama chembe ya mchanga, unayumba. Saa ile wewe ulikuwa umekiona kisiwa?"

"Saa ile nilikuwa nimelala," alijisifu Shakwe. "Sisi mabingwa huruka usingizini."

"Basi niliyeona kwanza ni mimi. Nimekuvumbua, wewe ni mali yangu, na jina lako sasa ni Masinzia. Anza kwa kufagia uwanja."

Kaa wakacheka mpaka magando yakagongana. Shakwe akainamisha kichwa, akaomba radhi, kisha akaomba ruhusa ya kupumzika.

Mpaka leo, ndege anayetua kisiwani humo hupiga hodi kwanza, nao kaa hawana haraka ya kuitikia.