Namba ya Siri ya Profesa Hessel

Jildou aliiacha baiskeli mlangoni mwa nyumba ya wazee bila kuifunga, jambo ambalo mtu wa Amsterdam mwenye akili zake halifanyi.

Miaka minne alikuwa akiimulika molekuli ya haidrojeni kwa leza, apate kujua protoni inaizidi elektroni uzito mara ngapi. Siku ya kwanza, msimamizi wake, Profesa Hessel Wiarda, aliitegesha mitambo iongeze namba ya siri juu ya kila kipimo, ili mtu asiyavute majibu kuelekea anakotaka. Karatasi hakuziamini, akaiweka namba kichwani. Sasa mitambo ile imeungua, kichwa cha mzee kimeanza kusahau, na muda wa Jildou chuoni unakwisha mwezi huu. Bila namba ile, shahada yake ya uzamivu imekwenda na maji.

Hessel alikuwa dirishani, amevaa tai.

"Mama Tjitske kaniambia leo umeamka vizuri, Profesa."

"Mke wangu huyo hunisengenya kwa kila mtu. Kaa basi, unanitia kizunguzungu."

Jildou hakuweza kukaa. "Namba, Profesa. Nakuomba."

"Wewe umepata ngapi?"

Desturi ni mwenye siri aanze. Jildou hakuwa na subira ya desturi. "Tarakimu za mwisho, mia tisa arobaini na moja."

Mzee alifumba macho, midomo ikimchezacheza. Jildou alizunguka chumba mara mbili, akanyanyua chungu cha maua, akakirudisha, roho juu.

"Mia mbili na tano," alisema Hessel. "Na usiniulize tena."

Jildou aliitoa palepale, kwa kalamu kwenye kiganja. 736. Namba ya vitabuni, ambayo kila mtu wa fani hiyo anaijua kwa moyo, nayo ilikuwa 736. Alilia bila kujificha, akambusu mzee kwenye upara, akatoka mbio.

Maabara nzima ilikuwa imekusanyika kwenye keki, na makala imeshatumwa jaridani, Tjitske alipopiga simu.

"Mwanangu, umemfanya nini mzee wangu? Siku nyingi hajafurahi hivi. Ile namba ya siri alishaisahau tangu mwaka jana, na ilikuwa inamnyima raha. Lakini anasema ulivyomtajia ya kwako tu, akaitoa ile ya vitabuni kwenye yako, kwa kichwa tu, na hajakosea hata tarakimu moja."