Ubao wa Chini

Karima, binti wa miaka kumi na sita ambaye kelele humuumiza, aliketi ghafla kwenye tope la ukingo wa mto, mbele ya mtumbwi, akaziba masikio.

"Sipandi, mama. Mbao ya chini iko nalia."

Mama yake alitega sikio, asisikie ila mota. Mtumbwi wa kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, ulikuwa umejaa.

"Papa, angalia mbao ya chini," akamwambia nahodha.

"Iko muzima. Alors, munapanda?"

Abiria waliguna. Mama, uso ukimwaka kwa aibu, alinyoosha mkono amvute bintiye, akaona kucha za Karima zimechimba shingo yake mwenyewe hadi damu.

Akaketi topeni kando yake. Mtumbwi ukaondoka.

Ulipofika katikati ya mto, abiria walianza kusimama, maji yakiwafika vifundoni.