Wizara Nyumbani kwa Bi Sikudhani

Jamhuri ya Mwezi ilipopata uhuru haikuwa na ofisi hata moja, kwa hiyo kila wizara ilipewa nyumba ya mwananchi. Bi Sikudhani alipangiwa Wizara ya Hewa, akapiga vigelegele. Waziri alimenya vitunguu huku akipanga mgao wa oksijeni, katibu akambembeleza mjukuu, na sheria ya kwanza ya taifa ikapitishwa kabla pilau haijaiva.

“Serikali inakula kwangu!” aliwatambia majirani.

Siku moja alirudi kutoka sokoni, kapu kichwani, akakuta mlango wake umefungwa kwa ndani. Akacheka, akabisha.

“Hodi, wanangu!”

Badala ya kumwitikia “Karibu,” Waziri aliuliza kutoka ndani, kwa upole kabisa:

“Una miadi, mama?”