Bunduki ya Kumi na Mbili

Fundi alichovya kidole kwenye kopo la grisi, akakiramba, akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Hii ina chumvi," alitangaza, akatema. "Ukiipaka kwenye chuma, umekaribisha kutu na kuitandikia mkeka."

Kopo la pili halikuwa na chumvi. Alilikubali kwa heshima zote, kama hakimu anayemwachia mshitakiwa, kisha akaketi ndani ya ghala la mahindi kuzipaka bunduki kumi na mbili za genge la shemeji yake, kaka wa mkewe. Genge lilikuwa limestaafu. Miaka tisa ya kuteka malori ilitosha. Wenzao walikwisha kutawanyika, wamebaki wao wawili kufukia zana. Fundi alikuwa amemwahidi mkewe kwamba leo ndiyo mwisho. Kesho angefungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, awe mtu kama watu.

"Zitalala muda gani?" aliuliza.

"Miaka kumi," alijibu shemeji, akimkuna kichwa mbwa wake mzee mlangoni.

"Basi nzito. Bunduki ya kulala hupakwa grisi nzito, ndani na nje, mpaka mtutuni. Ya kufanya kazi leo hupakwa mafuta mepesi, tone tone. Ukikosea, nzito itagandisha komeo, na mepesi yatakauka kabla mwezi haujaandama."

"Umeshanieleza mara mia. Bunduki zote zina komeo, shemeji, ila mdomo wako."

Fundi alicheka, maana ukweli haujibiwi. Juzi tu alimsimulia kinyozi kisa cha lori la sabuni, akajikumbuka kisa kilipokaribia daraja walipoliteka.

Aliifunga ya kumi na moja kwa karatasi ya nta, akanyoosha mkono kuchukua grisi tena.

"Hiyo ya mwisho ipake mepesi," alisema shemeji.

Fundi alimtazama mbwa. Mbwa naye akamtazama, ulimi nje, jicho moja limefunga utando.

"Mzee huyu? Miaka yote tisa amekulindia mlango."

"Wa nyumbani simwachii mtu baki."

Fundi akaamua kwamba angalau mnyama asiteseke. Alitia tone kwenye komeo, tone kwenye springi, akausugua mtutu kwa kitambaa kikavu mpaka ukang'aa, kwani mafuta yakibaki humo risasi ya kwanza huenda upande.

"Hatasikia kitu," alisema, akamkabidhi.

"Mkono wako hauna mfano, shemeji."

Shimo lilikuwa nyuma ya ghala. Fundi mwenyewe alilichimba asubuhi, kwa vipimo alivyopewa, akinung'unika hadi jembe likachoka kumsikiliza. Sasa alisimama ukingoni akanung'unika upya.

"Refu mno hili. Bunduki hazijinyooshi zikilala."

"Chumba kikubwa hakimfukuzi mgeni."

Fundi akamkumbuka mbwa, akaona aibu. Alishuka, akayapokea masanduku mawili yenye zile bunduki kumi na moja, akayalaza upande mmoja kama alivyoelekezwa. Nafasi iliyobaki aliisawazisha vizuri kwa kiganja na kuondoa mawe, maana wa nyumbani ni wa nyumbani.

"Fanya upesi na huyo mzee," alisema akiwa ameinama. "Dada yako ananingoja. Nikichelewa atanila mbichi."

"Usijali. Jioni nitampitia mwenyewe."

Mbwa alijikokota hadi ukingoni, akajilaza miguuni pa bwana wake, akapiga miayo. Kutoka juu, nyuma ya kisogo chake, fundi alisikia komeo likivutwa nyuma na kusukumwa mbele, laini kama hariri, bila mkwaruzo hata mmoja, na kabla hajageuka, alitabasamu kwa fahari.